Masafa si Marudio: Kiswahili na Ubadilishaji wa Vipimo vya Mawimbi

Utangulizi

Wahenga waliponena kuwa haba na haba hujaza kibaba, hawakuwa wakihimiza subira pekee. Walikuwa pia wakitaja kipimo. Mswahili wa jadi alijua kwamba vibaba vinne ni pishi moja, kwamba shubiri mbili ni mkono mmoja, na kwamba mikono minne ni pima moja. Hadi leo, mwenyeji wa Afrika Mashariki anapoambiwa kwa Kiingereza kuwa mkutano utaanza saa saba asubuhi, huondoa sita papo hapo akajua ni saa moja, bila kuhitaji kalamu wala kikokotoo. Kwa hivyo, anayedai kwamba kubadilisha vipimo ni elimu ya kigeni isiyoweza kuingia katika Kiswahili, ama hakijui Kiswahili ama hajui anachokidai.

Hata hivyo, ipo nyanja moja ambamo Kiswahili cha kitaaluma hujikwaa kila mara, nayo ni ile ya vipimo vya marudio, yaani vipimo vinavyoonyesha tukio fulani hujirudia mara ngapi katika muda fulani. Mwanafunzi wa shule ya upili hukutana na vipimo hivi katika somo la fizikia anapofundishwa mawimbi. Fundi wa mitambo hukutana navyo kwenye kibati cha mota. Msikilizaji wa redio hukutana navyo anapotafuta kituo. Mwanaisimu hukutana navyo anapopima sauti ya msemaji. Wote hao wakijaribu kulizungumzia jambo lao kwa Kiswahili hujikuta wamekwama. Makala haya yanashikilia kwamba mkwamo huo hautokani na uchanga wa lugha. Unatokana, kwa kiasi kikubwa, na neno moja lililopachikwa mahali pasipo pake. Neno lenyewe ni masafa.

Mara ngapi, kwa muda gani?

Kila kipimo cha marudio hubeba maswali mawili: mara ngapi, na kwa muda gani? Likikosekana jibu la swali mojawapo, kipimo hakijakamilika. Anayesema kwamba ngoma ilipigwa mara 120 hajasema lolote kuhusu wepesi wa mapigo hadi aongeze kwamba ilikuwa kwa dakika moja. Akishaongeza hilo, hesabu inawezekana. Dakika ina sekunde 60. Kwa hivyo mapigo 120 kwa dakika ni mapigo 2 kwa sekunde. Vivyo hivyo, moyo unaodunda mara 72 kwa dakika hudunda mara 1.2 kwa sekunde.

Jambo hilohilo laweza kusemwa kwa njia ya pili. Badala ya kusema kwamba ngoma hupigwa mara 2 kwa sekunde, mtu aweza kusema kwamba hupigwa kila baada ya nusu sekunde. Kauli ya kwanza hutaja marudio. Kauli ya pili hutaja muda unaopita kati ya rudio moja na jingine. Kiswahili kimejaliwa vifungu viwili vilivyo wazi kwa kazi hii: "mara kadha kwa..." na "kila baada ya...". Wavuvi wa Lamu na Mombasa huvitumia vyote viwili bila taabu. Husema maji hujaa mara mbili kwa siku, na wanajua pia kwamba hujaa kila baada ya saa 12 na dakika 25 hivi, ndiyo maana maji ya leo huchelewa kwa dakika 50 hivi yakilinganishwa na ya jana. Kauli ya kwanza ni ya ukadiriaji. Ya pili ndiyo inayomwokoa mvuvi asikute chombo chake kimekwama mchangani.

Kwamba suala hili si la kitabuni pekee hudhihirika zaidi mahali ambapo watu hawadhani kuna hesabu yoyote, yaani kwenye dirisha la dawa. Mgonjwa hukabidhiwa bahasha ya vidonge iliyoandikwa 1x3, na kuambiwa: kutwa mara tatu. Kauli hiyo ni kipimo cha marudio, lakini muda wake una utata. Neno kutwa kwa asili hutaja mchana, tangu jua linapochomoza hadi linapotua. Ndiyo sababu anayetaka kujumuisha usiku husema kutwa kucha. Mgonjwa anayeyafuata maneno kama alivyoyasikia atameza kidonge saa moja asubuhi, cha pili saa saba mchana, na cha tatu saa moja jioni. Vidonge vitakuwa vimetengana kwa saa sita, kisha saa sita tena, halafu mwili utakaa saa kumi na mbili bila dawa. Kwa baadhi ya viuavijasumu, vinavyohitaji kudumishwa mwilini kwa kiwango kisichoshuka mno, pengo hilo la usiku si dogo. Kama mgonjwa huyohuyo angeambiwa ameze kila baada ya saa nane, angejua mwenyewe kwamba akianza saa kumi na mbili asubuhi, cha pili ni saa nane mchana na cha tatu ni saa nne usiku.

Hapo hakuna istilahi ya kigeni iliyokosekana. Kilichokosekana ni kubadilisha kipimo kutoka kauli moja hadi nyingine, kazi ambayo lugha yenyewe inaiweza kabisa. Kumbe kosa la kipimo huanzia kwenye neno kabla ya kufika kwenye tarakimu.

Hezi na jamaa zake

Katika sayansi, kipimo cha marudio kinachotambuliwa kimataifa ni hezi, ambayo kifupi chake ni Hz. Hezi moja ni rudio moja kwa sekunde. Kipimo hiki kilipewa jina la mwanafizikia Mjerumani, Heinrich Hertz (1857–1894), ambaye kati ya mwaka 1886 na 1888, akiwa katika mji wa Karlsruhe, alithibitisha kwa majaribio kuwepo kwa mawimbi ya sumakuumeme yaliyokuwa yametabiriwa na James Clerk Maxwell. Kwa muda mrefu wataalamu walisema tu "mizunguko kwa sekunde", na hezi ikaingizwa rasmi katika Mfumo wa Kimataifa wa Vipimo ulioidhinishwa mwaka 1960. Hata sekunde yenyewe, tangu mwaka 1967, hufafanuliwa kwa kuhesabu marudio: ni muda wa marudio 9,192,631,770 ya mnururisho maalumu wa atomu ya seziamu.

Ubadilishaji wa vipimo vya marudio ni wa aina tatu, na ni muhimu zisichanganywe.

Aina ya kwanza ni ya kupanda na kushuka ngazi. Kilohezi moja (kHz) ni hezi 1,000. Megahezi moja (MHz) ni kilohezi 1,000, yaani hezi milioni moja. Gigahezi moja (GHz) ni megahezi 1,000. Tarakilishi ambayo saa yake ya ndani huenda kwa gigahezi 2 hupiga mara bilioni mbili kwa sekunde. Katika ngazi hii, adui mkubwa ni herufi. Herufi kubwa M ni ya mega, nayo herufi ndogo m ni ya mili, yaani sehemu moja ya elfu. MHz 1 ni mara milioni moja kwa sekunde. mHz 1 ni mara moja katika sekunde 1,000, yaani mara moja katika dakika 16 na sekunde 40. Tofauti ya herufi hiyo moja ni mara bilioni moja. Mhariri wa gazeti anayeandika "mhz" kwa kuwa herufi kubwa zinamchosha macho amebadilisha maana, wala hajarahisisha chochote.

Aina ya pili ni ya kubadilisha muda wa kuhesabia. Fundi wa mitambo hupima kwa mizunguko kwa dakika, ilhali umeme hupimwa kwa hezi. Ili kutoka hezi hadi marudio kwa dakika, huzidishwa kwa 60; ili kurudi, hugawanywa kwa 60. Umeme wa Kenya ni wa hezi 50. Mota yenye ncha mbili za sumaku inayoendeshwa na umeme huo haiwezi kuzidi mizunguko 50 × 60, yaani 3,000 kwa dakika. Yenye ncha nne huishia 1,500, na mota nyingi za kawaida huzunguka chini kidogo ya hapo. Umeme wa Marekani ni wa hezi 60, na mota za aina hizohizo huko hukaribia 3,600 na 1,800. Basi mfanyabiashara anayeagiza kutoka Marekani pampu iliyoundwa kwa hezi 60, kisha akaiunga kwenye umeme wa Kenya, atapata kasi iliyo sehemu tano tu za sita za ile aliyoilipia. Isitoshe, mota yenyewe yaweza kupata joto kupita kiasi. Kibati cha mota kilimwambia yote hayo, ila hakuna aliyemsomea kwa lugha anayoielewa.

Aina ya tatu ni ya kupindua. Hapa hakuna kupanda ngazi wala kubadilisha dakika kuwa sekunde. Kuna kugeuza swali lenyewe, kutoka "mara ngapi kwa sekunde" hadi "kila baada ya sekunde ngapi". Moja hugawanywa kwa idadi ya marudio. Umeme wa hezi 50 hurudia mzunguko wake kila baada ya sekunde 1/50, yaani milisekunde 20. Katika aina hii, kiasi kimoja kikikua kingine hupungua. Anayetumia kanuni ya aina ya kwanza mahali pa aina ya tatu hupata jibu lililokwenda kinyume kabisa. Kiswahili kina vitenzi vya kutenganisha kazi hizi, kubadilisha na kupindua, na mwalimu anayevitumia kwa uangalifu humpunguzia mwanafunzi nusu ya mzigo.

Neno moja, maana mbili zinazopingana

Sasa lirejelewe neno masafa. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake katika Kiswahili ni umbali. Msafiri huenda masafa marefu. Jeshi huwa na makombora ya masafa ya kati. Redio ilipoingia Afrika Mashariki, watangazaji walilichukua neno hili kwa busara kubwa. Mawimbi ya redio hutofautiana kwa umbali uliopo kati ya kilele kimoja cha wimbi na kinachofuata, na umbali huo hupimwa kwa mita. Ndipo yakazaliwa masafa marefu, masafa ya kati na masafa mafupi. Wasikilizaji wa Idhaa ya Kiswahili ya BBC, iliyoanza mwaka 1957, na ya Sauti ya Ujerumani, iliyoanza mwaka 1963, waliyazoea maneno hayo pamoja na bendi za mita 49, 31, 25 na 19. Matumizi hayo hayakuwa na kasoro. Masafa yalikuwa ni umbali, nao umbali ulipimwa kwa mita.

Kasoro iliingia pale neno hilohilo lilipoanza kutumiwa kutaja marudio. Kituo cha FM hujitangaza kuwa kinapatikana katika masafa ya megahezi 100. Megahezi si umbali. Megahezi 100 ni marudio milioni mia moja kwa sekunde. Umbali wa wimbi hilo, yaani masafa yake kwa maana ya asili, ni mita 3. Neno moja sasa linataja viwango viwili ambavyo si tofauti tu, bali vinakwenda kinyume: masafa kwa maana ya kwanza yakiwa mafupi, masafa kwa maana ya pili huwa makubwa.

Madhara yake yanaonekana kwa mfano mmoja. Kituo cha kwanza kinatangaza kwa kilohezi 6,000, na cha pili kwa kilohezi 12,000. Mwalimu anauliza: kituo kipi kina masafa makubwa zaidi? Mwanafunzi mmoja anajibu kuwa ni cha pili, kwa kuwa 12,000 ni zaidi ya 6,000. Mwingine anakumbuka kwamba mawimbi ya redio husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde hivi, kwa hivyo akigawanya 300,000 kwa kilohezi anapata mita: mita 50 kwa kituo cha kwanza na mita 25 kwa cha pili. Anajibu kuwa ni cha kwanza. Wote wawili wamehesabu sawasawa, na wote wawili wamelitumia neno kama lilivyo katika matumizi ya jumuiya yao. Mwalimu hana njia ya kumkosoa yeyote kati yao bila kuikosoa istilahi yenyewe. Lugha inayomweka mwalimu katika hali hiyo haiwezi kudai kwamba iko tayari kufundishia fizikia, hata ikiwa na kamusi za istilahi zinazojaza rafu nzima.

Pendekezo na pingamizi zake

Pendekezo la makala haya ni jepesi. Neno masafa liachiwe umbali, na pale panapohitajika uwazi zaidi isemwe urefu wa wimbi. Kiwango kinachopimwa kwa hezi kiitwe kasi ya marudio. Muda unaopita kati ya rudio moja na jingine uitwe muda wa rudio. Kwa istilahi hizo, kanuni kuu ya mawimbi husemeka kwa sentensi moja ambayo hata asiyesoma fizikia anaweza kuifuata: kasi ya marudio ikizidishwa kwa urefu wa wimbi hutoa kasi ya wimbi. Wimbi likirudia mara nyingi kwa sekunde, na kila rudio likichukua mita kadha, ni dhahiri kwamba zao lake ni mita zilizosafiriwa kwa sekunde. Istilahi yenyewe imekwisha kufundisha kabla mwalimu hajashika chaki.

Wapo watakaopinga kwamba masafa yamekwisha zoeleka, na kwamba lugha ni ya watumiaji wala si ya wanakamati. Hoja hii ina uzito, na haifai kubezwa. Hata hivyo, mtangazaji wa redio anaposema masafa ya megahezi 100, hakusudii kuzidisha wala kugawanya. Anataja tu mahali pa kukipata kituo, kama mtu anayetaja nambari ya nyumba. Aachwe na neno lake. Darasani hali ni nyingine, kwa kuwa huko neno huingia katika hesabu. Si ajabu neno moja kuwa na maana pana mtaani na maana finyu maabarani. Kazi na nguvu ni maneno ya kila mtu, lakini mwanafizikia huyawekea mipaka yake.

Wapo pia watakaosema kwamba marudio nayo yana maana nyingine: runinga hurusha marudio ya kipindi, na mtahiniwa hufanya marudio kabla ya mtihani. Ni kweli. Ndiyo maana pendekezo ni kasi ya marudio, si marudio pekee. Neno kasi ndilo linalodai jibu la swali la pili, la muda. Mwanatakwimu anayehesabu ni wanafunzi wangapi walipata alama fulani anahitaji marudio matupu, kwa sababu hesabu yake haina sekunde. Mwanafizikia anahitaji kasi ya marudio. Kwa Kiingereza wawili hao hutumia neno moja. Hapa Kiswahili kimepata nafasi ya kuwa na uwazi zaidi ya lugha kinayoigiza, na ni hasara kuiacha nafasi hiyo ipite.

Wa tatu watauliza kwa nini lisitoholewe tu neno la Kiingereza, likasemwa frikwensi, kama ilivyofanywa kwa hezi na mita. Utohozi si dhambi. Bila huo Kiswahili kisingekuwa na redio wala meza. Lakini kutohoa hufaa zaidi pale ambapo neno halina la kueleza. Hezi ni jina la mtu, na hakuna tafsiri ya jina la mtu. Frikwensi ni dhana, nayo dhana ikiingia ikiwa imefungwa, mwanafunzi hulazimika kufundishwa mara mbili: kwanza neno, kisha maana yake.

Mwanaisimu naye hakwepi

Huenda mwanafunzi wa Kiswahili akadhani kwamba mjadala huu ni wa jirani zake wa kitivo cha sayansi. La hasha. Anayesoma fonetiki akustika hushughulika na hezi kila siku. Akirekodi irabu na kuitazama katika kioo cha tarakilishi, ataona umbo linalojirudia. Akipima rudio moja na kupata milisekunde 5, sharti apindue: 1,000 gawanya kwa 5, apate hezi 200. Akipata milisekunde 10, sauti hiyo ni ya hezi 100. Muda umekua maradufu, kasi ya marudio imepungua nusu. Asiyejua kupindua hataweza kusema lolote la kuaminika kuhusu kiimbo cha Kiswahili.

Tena kuna mtego mwingine. Chukulia mwanamume aliyeuliza swali akapandisha sauti kutoka hezi 100 hadi 150, na mwanamke aliyeuliza swali hilohilo akapandisha kutoka hezi 200 hadi 300. Anayelinganisha hezi kwa hezi ataandika kwamba mwanamke alipandisha maradufu ya mwanamume, 100 dhidi ya 50. Lakini sikio husikia uwiano, si tofauti. Wote wawili walizidisha sauti zao kwa moja na nusu, na katika kipimo cha wanamuziki, ambacho hugawanya kila ongezeko la maradufu katika nusu toni 12, wote walipanda kwa nusu toni 7 hivi. Tasnifu inayodai kwamba wanawake huuliza maswali kwa kiimbo cha kupanda zaidi yaweza kuwa imepima kitu kimoja tu: uchaguzi mbaya wa kipimo.

Simu nayo hutoa funzo. Mfumo wa simu wa kawaida uliundwa kupitisha sauti za kati ya hezi 300 na 3,400 hivi, ilhali sehemu kubwa ya nguvu ya konsonanti /s/ iko juu ya hezi 4,000. Ndiyo sababu katika simu ya aina hiyo /s/ na /f/ hukaribiana, na msikilizaji hutegemea muktadha kujua iwapo aliyesemwa ni sisi au ni fisi. Mwanafonolojia anayeeleza sifa bainifu za konsonanti hizi bila kutaja hezi anaeleza nusu ya jambo.

Hitimisho

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Tangu hapo, na hata kabla yake, mengi yamenenwa katika makongamano kuhusu uwezo wa Kiswahili kubeba sayansi. Aghalabu ushahidi unaotolewa ni wingi wa istilahi. Wingi si kipimo kinachofaa. Kipimo kinachofaa ni iwapo istilahi zinaweza kumtoa mwanafunzi kwenye kilohezi zikamfikisha kwenye mita, au zikamtoa kwenye mizunguko kwa dakika zikamfikisha kwenye milisekunde, asipotee njiani. Istilahi ya masafa, kama inavyotumika leo, humpoteza.

Marekebisho haya hayahitaji bajeti ya serikali. Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vinaweza kuyaanza katika majarida yao, kwa kuandika kasi ya marudio kila panapotajwa hezi, na kwa kuhakikisha kwamba MHz haigeuzwi kuwa mhz. Wanafunzi wa lugha wanaweza kuketi pamoja na wenzao wa fizikia, uhandisi na famasia, wakaandaa vijitabu vya vipimo ambavyo fundi na muuguzi wanaweza kuvisoma. Kazi hiyo ni ndogo ikilinganishwa na hotuba nyingi, lakini ina faida inayoonekana. Mgonjwa aliye kwenye dirisha la dawa hahitaji kumjua Heinrich Hertz. Anahitaji kuambiwa "kila baada ya saa nane" badala ya "kutwa mara tatu", na anayemwambia anahitaji kujua kwa nini kauli hizo mbili si sawa.